Mbonyezo wa mwangwi: maelezo ya mbinu moja ya vidole katika michezo ya mapigano ya video

0. Utangulizi

Katika somo letu la uundaji wa istilahi, mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba Kiswahili chaweza kueleza kilimo, dini, siasa na ndoa, lakini hakiwezi kueleza anachokifanya yeye na wenzake kila Jumamosi mbele ya runinga, kidhibiti cha mchezo kikiwa mikononi. Tulimwomba ajaribu. Alianza kwa Kiswahili. Alipofika sentensi ya tatu alihamia Kifaransa, na kabla ya kumaliza alikuwa ametumia maneno kadhaa ya Kiingereza na moja la Kijapani. Darasa lilicheka. Sisi hatukuweza kucheka, kwa kuwa tulipotaka kumsaidia tulikwama palepale alipokwama yeye.

Makala haya ni jibu letu kwa mwanafunzi huyo. Hatudai kwamba mchezo wa video una uzito wa kilimo wala wa ndoa. Tunachodai ni kwamba lugha inayofundishwa chuo kikuu haina budi kumudu jambo lolote ambalo wasemaji wake wanalifanya kwa mikono yao, hata likiwa dogo, hata likiwa linapimwa kwa sehemu ya sitini ya sekunde. Tumechagua mbinu moja tu, ile iliyompeleka mwanafunzi wetu nje ya Kiswahili. Ilienea katika mchezo uitwao Street Fighter IV wa kampuni ya Capcom ya Japani, na wachezaji wanaotumia Kiingereza huiita plinki. Kwanza tutaeleza namna mchezo unavyopima wakati. Pili, mbinu yenyewe. Tatu, kazi ya mkono. Nne, swali la kama mbinu hii ni ujuzi au ni hila. Mwishoni tutapendekeza jina.

1. Mchezo na kipimo chake cha wakati

Street Fighter IV ulitolewa mwaka 2008 katika mashine za kumbi za michezo, na mwaka 2009 ukaingia katika mashine za nyumbani. Wapiganaji wawili husimama wakielekeana kwenye kioo. Kila mchezaji anaongoza mpiganaji mmoja kwa fimbo ya kumsogeza na vitufe 6 vya kumpiga mwenzake: vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke. Ngumi na teke, kila moja ina daraja tatu, yaani pigo hafifu, pigo la wastani na pigo zito. Kwenye meza ya mchezo vitufe vya ngumi hukaa safu ya juu, vya mateke safu ya chini, na daraja hupanda kutoka kushoto kwenda kulia.

Kioo huonyesha picha 60 kila sekunde. Kwa mashine hakuna wakati ulio mfupi kuliko picha moja, ambayo ni takriban sehemu 17 za elfu za sekunde. Kila tendo huhesabiwa kwa picha hizo. Pigo moja lina vipindi vitatu: kipindi cha kunyoosha mkono, kipindi cha kugusa, na kipindi cha kuurudisha. Pigo likimpata mpigwa, naye hupoteza uwezo wa kujikinga kwa picha kadhaa. Hapa msomaji atambue jinsi mofolojia yetu inavyorahisisha maelezo: mpigaji na mpigwa hutofautishwa na kiambishi tu, na hatuhitaji kueleza kila mara ni nani aliyetenda na nani aliyetendwa.

Tuseme mpigaji amekwisha kuurudisha mkono wake, naye mpigwa amebakiza picha 4 kabla ya kupata nguvu ya kujikinga. Tuseme pia kwamba pigo la pili hugusa katika picha ya 4 tangu lianze. Mpigaji akilianzisha pigo hilo katika picha ya kwanza ya uhuru wake, litamfikia mpigwa katika picha ya mwisho ya unyonge wake, na mapigo hayo mawili yatakuwa yameungana. Mpigwa hana la kufanya. Akichelewa kwa picha moja tu, mpigwa atajikinga. Akiwahi kwa picha moja tu, mashine haitausikiliza mbonyezo wake, kwa kuwa mkono wake bado unarudi. Nafasi ni picha moja, si zaidi. Tukiite kiungo cha picha moja.

Inafaa kukumbusha kwamba mapigo ya kuungana yenyewe hayakuwamo katika nia ya waliotunga mchezo huu. Wakati wa kutengenezwa kwa Street Fighter II, uliotolewa mwaka 1991, Noritaka Funamizu wa Capcom alikuwa akikagua makosa ya programu katika sehemu ambayo mchezaji huvunja gari, akaona kwamba yawezekana kuingiza pigo jingine kabla ya la kwanza kwisha. Alidhani jambo hilo ni gumu mno kuweza kumfaa mtu, akaliacha libaki. Watu walilijua, wakalizoea, na leo ni msingi wa michezo mingi ya aina hii.

2. Kwa nini kiungo cha picha moja ni kigumu

Mtu anayeona ishara na kuijibu kwa kidole huhitaji takriban sehemu moja ya tano ya sekunde, yaani picha 12 hivi. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuiona picha ya uhuru wake ndipo abonyeze. Akiiona, imekwisha kupita. Mchezaji hufanya kama afanyavyo mpiga ngoma. Mpiga ngoma hasubiri kumsikia mwenzake ndipo apige. Hujua mdundo utaangukia wapi, na mkono wake huanza safari mapema ili ufike pamoja nao. Kiungo cha picha moja ni mdundo wa kujifunza, wala si jambo la macho.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao ni mfano tu. Mchezaji mmoja ana mkono uliozoea, kiasi kwamba mbonyezo wake huangukia daima ndani ya picha 4 zinazoizunguka ile inayotakiwa, lakini hajui utaangukia ipi kati ya hizo. Atafanikiwa mara 1 katika 4. Mfululizo wake ukiwa na viungo 3 vya namna hiyo, ataumaliza mara 1 katika 64. Huyo si mtu asiyejua kucheza. Kosa lake halizidi picha 3, sawa na sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Hata hivyo, mbele ya watazamaji, mara 63 ataonekana mtu aliyeshindwa.

3. Mbinu yenyewe

Sasa tuje kwenye kiini. Programu ya Street Fighter IV ina kanuni mbili ambazo kila moja, ikisimama peke yake, haina la ajabu.

Kanuni ya kwanza ni ya daraja. Vitufe viwili vya daraja tofauti vikibonyezwa pamoja, mashine hutii kilicho kizito zaidi. Ngumi ya wastani ikibonyezwa pamoja na ngumi hafifu, itakayotoka ni ya wastani.

Kanuni ya pili ni ya huruma. Matendo kadhaa ya mchezo huhitaji vitufe viwili kwa pamoja. Kwa mfano, kumkamata mwenzako na kumtupa huhitaji ngumi hafifu na teke hafifu. Lakini vidole viwili vya binadamu ni nadra kushuka katika picha ile ile. Kwa sababu hiyo, kitufe cha pili kikifuata cha kwanza kwa kuchelewa picha moja, mashine huvihesabu kuwa vimebonyezwa pamoja: hukiandika kile cha kwanza upya, kana kwamba kimebonyezwa tena, kikiwa na mwenzake. Wachezaji huyaona haya wazi katika sehemu ya mazoezi, ambako kioo huonyesha orodha ya vitufe vilivyopokewa.

Kanuni hizo mbili zikikutana, hutokea jambo la tatu ambalo halimo katika mojawapo. Tuseme pigo la ngumi ya wastani linatakiwa lianze katika picha ya 10, na mchezaji amewahi kidogo:

Picha ya 9: kidole cha kwanza kimebonyeza ngumi ya wastani. Mkono wa mpiganaji bado unarudi; mbonyezo haupokelewi.

Picha ya 10: kidole cha pili kimebonyeza ngumi hafifu. Kwa kanuni ya huruma, mashine inaandika ngumi ya wastani na ngumi hafifu pamoja. Kwa kanuni ya daraja, inatii ya wastani. Pigo linatoka.

Mchezaji amekosea, lakini kosa lake limesahihishwa na kidole chake mwenyewe. Na kama mbonyezo wa kwanza ungeangukia picha ya 10 barabara, pigo lingetoka papo hapo, na ule wa pili usingedhuru kitu. Hivyo nafasi ya picha moja imekuwa nafasi ya picha mbili. Turudi kwenye mfano wetu wa hesabu: yule aliyefanikiwa mara 1 katika 4 sasa atafanikiwa mara 2 katika 4, na mfululizo wake wa viungo 3, uliokuwa ukimjia mara 1 katika 64, utamjia mara 1 katika 8. Faida iliyokuwa maradufu katika kiungo kimoja imekuwa mara nane katika mfululizo.

Masharti yapo. Kitufe cha pili lazima kiwe cha daraja ya chini kuliko cha kwanza. Kikiwa cha juu, chenyewe ndicho kitakachotiiwa. Tena jozi isiwe ile ambayo mchezo umeipa tendo jingine. Umbali kati ya vidole viwili uwe picha moja: vikishuka pamoja hakuna kilichorudiwa, vikiachana kwa picha mbili kitufe cha pili kitasimama peke yake, na pigo hafifu litatoka mahali pa lile lililokusudiwa. Na ngumi hafifu, kwa kuwa ipo chini kabisa katika ngazi, haina iliyo chini yake ya kuifuatisha. Wachezaji waliotaka kuirudia walikimbilia kitufe cha pembeni, kile cha kuchagulia, ambacho kwa desturi hakihusiki na kupigana.

4. Mkono na kifaa

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa ni vigumu kulenga picha moja, itakuwaje rahisi kutenganisha vidole viwili kwa picha moja? Jibu limo katika mkono. Kulenga picha ya 10 ni kushindana na saa iliyo nje ya mwili. Kutenganisha vidole ni suala la umbo: mtu hupinda mkono wake kidogo ili kidole cha kati kitangulie na cha shahada kifuate, kisha huushusha mkono wote mara moja. Umbali uko katika pindo la mkono, na pindo likishazoeleka halibadiliki. Yeyote aliyewahi kugonga meza kwa vidole akimngoja mtu aliyechelewa anaujua mwendo huu.

Ni kweli kwamba kifaa nacho kina neno lake. Meza yenye fimbo huwapa vidole vinne vya mkono wa kulia nafasi ya kukaa juu ya vitufe, na daraja zinazopanda kuelekea kulia hufanya kidole cha kati kikae kwenye ngumi ya wastani na cha shahada kwenye ngumi hafifu, kama inavyotakiwa. Kidhibiti cha kushikwa mkononi, kile ambacho vijana wetu hukiita maneti kwa kufuata Kifaransa, kimeundwa ili dole gumba moja lifanye kazi ya vidole hivyo vyote. Wengine hukishika kwa kukunja vidole juu yake kama ukucha wa ndege, ili cha shahada na cha kati vifikie vitufe. Lakini mtu asidhani kwamba kidhibiti cha mkononi ni cha wanyonge: mwaka 2014 Mfaransa ajulikanaye kwa jina la Luffy alishinda Ultra Street Fighter IV katika shindano la Evo, mjini Las Vegas, akiwa ameshika kidhibiti cha PlayStation ya kwanza kabisa.

5. Ni ujuzi au ni hila?

Mbinu hii ilizusha ubishi ambao mwanaisimu ataufahamu upesi. Upande mmoja ulisema: kanuni ya huruma iliwekwa kwa ajili ya wanaotaka kubonyeza vitufe viwili, anayeitumia kurudia kimoja anaidanganya mashine. Upande wa pili ulisema: mashine imepokea vitufe viwili vilivyobonyezwa na vidole viwili, na imejibu kama ilivyoandikwa, udanganyifu uko wapi?

Sisi tunaelekea upande wa pili, kwa sababu moja. Mbinu hii haiongezi kitu katika kifaa. Kila mchezaji ana vitufe vile vile, na anayeitaka hana budi kuifanyia kazi kwa wiki na miezi. Jambo hilo ni tofauti na kifaa kilichotengenezwa ili kitufe kimoja kifanye kazi ya vingi, au kiruhusu maelekezo ambayo fimbo haiwezi kuyatoa. Huko ndiko waandaaji wa mashindano walikoweka mipaka. Mwaka 2019, kwa mfano, Capcom ilikikataa katika mashindano yake kidhibiti cha vitufe bila fimbo alichokuwa akikitumia Daigo Umehara, bingwa mashuhuri wa Japani. Kidole kilichozoezwa, kwa upande wake, hakikukatazwa.

Mwisho wa mbinu hii unafundisha zaidi kuliko ubishi wake. Haikuuawa na marufuku. Street Fighter V ulipotoka mwaka 2016, watunzi waliandika ndani ya programu kwamba mbonyezo uliowahi kwa picha chache usitupwe, bali utunzwe mpaka mpiganaji awe huru. Walichokuwa wakikiiba wachezaji kwa vidole viwili sasa wanapewa wote kwa kidole kimoja, na Street Fighter 6 wa mwaka 2023 ulifuata njia hiyo hiyo. Wapo waliofurahi kwamba mlango umefunguliwa kwa wengi. Wapo waliosikitika kwamba saa nyingi za mazoezi zimekuwa bure. Wote wawili wana haki. Katika lugha pia, watu hupapasa njia ambayo kanuni haikuiandika. Siku kanuni inapoiandika, waliokuwa mahodari wa njia ile huwa kama wengine.

6. Suala la jina

Tumeweza kufika hapa bila kuhama Kiswahili, na msomaji atakuwa ameona kwamba hatukuhitaji istilahi nyingi: picha, kitufe, daraja, kiungo, pindo. Lakini mbinu yenyewe inadai jina, na majina iliyokwisha kupewa yanastahili kuchunguzwa.

Jina la Kiingereza, plinki, limekatwa kutoka maneno mawili, moja la kipaumbele na jingine la kuunga. Linataja sababu, yaani kanuni ya daraja, na linasahau ile ya huruma. Jina la Kijapani ni tsujishiki, yaani mtindo wa Tsuji. Linamtaja mtu, na halimwambii asiyejua lolote juu ya tendo. Kuna mbinu jirani ambayo vidole vitatu hukimbizwa juu ya vitufe vitatu, nayo wameiita kwa jina la ala ya muziki. Hii twaweza kuiita mtindo wa kinanda bila taabu, kwa kuwa sura ya tendo inaonekana kwa yeyote aliyemwona mpiga kinanda.

Je, sisi tutaje nini? Kutafsiri jina la Kiingereza kungetupa kitu kama uungaji wa kipaumbele, ambacho ni kirefu, na asiyejua mchezo hakimwelezi chochote. Kukopa plinki kunawezekana, na huenda vijana watafanya hivyo bila kutuuliza. Lakini tukiangalia tendo lenyewe, twaona sauti moja iliyosikika mara mbili: kidole cha kwanza kimesema, na cha pili hakikuongeza neno lake, bali kimelirudisha lile la kwanza kama ukuta wa bonde unavyomrudishia mtu sauti yake. Kwa hiyo tunapendekeza mbonyezo wa mwangwi, wingi mibonyezo ya mwangwi, na kitenzi kubonyeza kwa mwangwi. Jina hili linataja tokeo, lina wingi wa kawaida, na linakubali kuwa kitenzi.

7. Hitimisho

Tulimpa mwanafunzi wetu rasimu ya makala haya kabla ya kuyachapa. Alisahihisha mambo mawili juu ya vitufe, nasi tunamshukuru. Kisha alisimama tena darasani, akaeleza mbinu nzima kuanzia picha 60 hadi kidole cha pili, na lugha hakuihama. Alipomaliza alisema kwamba maelezo anayakubali, lakini jina halikubali: mwangwi, alisema, huja wenyewe, na kidole hiki hujifunza kuja. Hoja hiyo ni nzito, na hatujapata jibu lake. Wasomaji wenye jina lililo bora kuliko letu wanaombwa watuandikie. Tunalotaka ni kwamba ubishi huo uendelee kwa Kiswahili.